Harusi, biriani na tumbo la usiku: mbona lawama kala muuza sharubati?

#1 Mtoto_wa_Gando

Assalamu alaykum jamaa zangu. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi apite, hatugombani.

Wiki mbili nyuma tulikuwa na harusi ya mpwa wangu, huku huku Pemba, upande wa Wete. Mambo yalikwenda vizuri, watu wakala wakashiba, wageni wa Unguja wakapangiwa pa kulala. Usiku ndio kasheshe ilipoanza. Kwanza dada yangu, saa tatu. Saa nne mumewe. Ilipofika saa saba usiku choo kimoja kina foleni, na kuna mtu mzima mmoja, simtaji, alikata shauri akaenda zake migombani na tochi ya simu. Hakuna aliyekuwa na homa. Kutapika kidogo sana. Tumbo kusokota na kuendesha, basi. Asubuhi saa nne watu washachangamka, wanachekana.

Na asubuhi hiyo hiyo hukumu ikatoka: sharubati! Ilinunuliwa kwa kijana wa nje, si mtu wa ukoo, na barafu yake hakuna ajuaye ilikotoka. Kijana kapigiwa simu, kaitwa majina yote.

Mimi si daktari, lakini kazi yangu inanikutanisha na takwimu za afya. Nikachukua daftari la michango ya harusi, kurasa za nyuma zilikuwa tupu, nikapiga mistari. Nyumbani kwetu walilala watu kumi na mmoja. Nikamuuliza kila mmoja: umekula nini, saa ngapi, tumbo limeanza saa ngapi? Kisha nikawauliza wale ambao hakuna aliyewajali kwa sababu walilala fofofo: nyie mlikula nini?

Waliokula biriani ni saba. Sita wakaumwa. Wanne hawakuigusa: hao ni akina mama wa jikoni, walijipikia wali wa nazi na changu wa kupaka, wakala pembeni. Hata mmoja hakushika tumbo. Sharubati waliinywa wote kumi na mmoja, na hao wa jikoni ndio walioimaliza, maana walikuwa kwenye moto tangu alfajiri.

Nikenda kwa mpishi, taratibu, na adabu zote. Rojo la nyama lilipikwa usiku baada ya Isha, majungu matatu makubwa. Likaiva saa nne, likafunikwa, likaachwa pale pale kwenye mafiga. Asubuhi kuni nyingi zikaenda kwenye mchele, rojo likapashwa "vuguvugu tu, lishaiva hili." Watu wamekula saa saba mchana. Hesabu mwenyewe: saa kumi na tano.

Ninachotaka tukizungumze ni hiki: mambo haya yanatokea kila msimu wa harusi, kila khitma, kila mfungo. Nani anayahesabu?

#2 Mji_Mkongwe

Yakhe, watu wanakimbilia migombani wewe unaandika daftari? Una moyo.

Lakini watu kumi na mmoja si utafiti. Hiyo ni stori ya barazani.

#3 Darubini

Mji_Mkongwe, usiidharau. Mimi nashinda maabara, na nakwambia kazi aliyoifanya huyu bwana ndiyo kazi yenyewe, kwa udogo wake.

Tizama saa. Kula saa saba mchana, kuanza kuumwa kati ya saa tatu na saa saba usiku. Ni saa nane mpaka kumi na mbili. Ingekuwa ile sumu ya Staphylococcus, inayotoka kwenye pua, majipu na vidonda vya mkono wa mpishi, watu wangetapika kabla ya Magharibi, kwani hiyo huanza baada ya saa moja mpaka sita hivi. Salmonella ingekuja na homa na siku kadhaa za kitanda. Tumbo la kusokota, homa hakuna, kesho yake mtu mzima: hapo namshuku Clostridium perfringens.

Huyu bakteria ana kitu kama mbegu, tunaita spora, na mbegu hiyo haifi kwa kuchemka. Ukichemsha nyama unawaua wenzake, yeye unamwachia uwanja. Jungu likipoa polepole na joto likafika nyuzi arubaini na kitu, mbegu zinaamka, na wakiamka wanaongezeka maradufu kwa muda usiotimia robo saa. Na jungu la harusi halipoi, jamani. Juu utaona limepoa, tia upawa katikati, saa tisa za usiku bado vuguvugu. Hapo ndipo wanapozaana.

La kusikitisha zaidi, lile rojo lingechemshwa asubuhi likatokota hasa, wengi wangekufa na harusi ingeisha salama. "Vuguvugu tu" ndiyo iliyoponza.

Sasa swali langu kwako mleta uzi. Kuna aliyepeleka choo maabara? Au angalau jungu lilibaki na ukoko?

#4 Mtoto_wa_Gando

Darubini, jungu lilishasuguliwa kwa jivu kabla ya jua kutoka. Wanawake wa kwetu hawalazi jungu chafu.

Spitali alikwenda mtu mmoja, shemeji. Kaandikiwa "kuharisha", kapewa paketi za chumvi na vidonge, karudi. Hakuulizwa alikula nini wala kama yupo mwengine anayeumwa. Kwa hiyo kwenye rejista ya kituo harusi yetu nzima ni mstari mmoja.

#5 Darubini

Ndio hivyo. Na usidhani ni kwetu tu. Marekani, wenye maabara kila kona, walipiga hesabu zao 2011 wakaona kwa kila mgonjwa mmoja wa salmonella anayethibitishwa maabara, wapo kama 29 ambao hawaonekani. Mgonjwa haendi spitali, au anakwenda na choo hakichukuliwi, au kinachukuliwa na kipimo hakipo. Kila ngazi inadondosha watu. Wao wanajua ngazi zao zinadondosha wangapi kwa sababu wamekaa kuzihesabu.

Shirika la Afya Duniani 2015 lilitoa makadirio yake: watu milioni 600 huugua kwa chakula kila mwaka, 420,000 wanakufa, na kati ya hao waliokufa 125,000 ni watoto chini ya miaka mitano. Afrika ndiyo yenye mzigo mkubwa kwa kila kichwa. Ukisoma ndani utaona pia kuwa kwetu takwimu zilikuwa haba, ikabidi mapengo yajazwe kwa hesabu. Mstari wa shemeji yako ungekuwa na maelezo matatu zaidi, pengo lingepungua kidogo.

#6 Jungu_Kuu

Mie ni mpishi wa sherehe mwaka wa ishirini huu, nimepika kuanzia Micheweni mpaka Fumba. Naona mnazungumza majungu kama mmewahi kuyainua.

Niwaambieni kwa nini rojo linapikwa usiku. Mwenye harusi anataka chakula saa saba, watu mia nne, mafiga sita, wasaidizi wanne ambao wawili wamekuja kutizama. Nyama inaletwa magharibi kwa sababu mchinjaji ana harusi tatu siku hiyo. Nikiilaza mbichi nje, hakuna friji ya kilo mia mbili shamba, mtasema nimewalisha mzoga. Nikiipika, mnasema bakteria wameamka. Nifanye nini?

Na wapishi hatusemi, lakini wengi tunajua. Ndiyo maana tunakula samaki.

#7 Mji_Mkongwe

Hiyo sentensi ya mwisho imenimaliza. "Ndiyo maana tunakula samaki." Miaka yote hii!

#8 Mtoto_wa_Gando

Bi Jungu_Kuu, shikamoo, na ahsante kwa kusema kweli. Sikuja kukushitaki wala kumshitaki mpishi wetu. Hayo uliyoyaandika ndiyo yaliyokosekana kwenye daftari langu, maana mimi niliandika saa, sikuandika mchinjaji kachelewa.

Mji_Mkongwe ulisema watu kumi na mmoja si utafiti. Basi chukua hii, inafundishwa darasani mpaka leo. Tarehe 18 Aprili 1940, wilaya ya Oswego, jimbo la New York, watu walikula chakula cha jioni kanisani, kila mtu kaleta chake. Usiku wakaanza kutapika. Waliohojiwa 75, waliougua 46. Mpelelezi hakukimbilia kuuliza nani kapika. Alichukua kila chakula, kimoja kimoja, akawagawa watu mafungu mawili, waliokila na wasiokila. Askrimu ya vanila ililiwa na watu 54, wakaugua 43. Wasioila walikuwa 21, wakaugua 3. Vyakula vyengine tofauti haikuwa kubwa namna hiyo.

Kumbuka kila kitu kilikuwa mezani, na nyama ilikuwepo. Ukiwauliza wagonjwa peke yao, karibu kila chakula kitaonekana kina makosa, maana watu wamekula kila kitu. Wazima ndio wanaokitenga kilicho kibaya. Kwetu wazima hatuwaulizi, tunawaambia "wewe una bahati."

#9 Ng'onda

Samaki mnaowasifu nao wana yao. Mimi mvuvi, nasema ninachokijua.

Jodari, kibua na jamaa zao wenye nyama nyekundu, ukimvua ukamwacha juani ndani ya ngarawa saa tatu nne, ananuka? Hanuki. Macho yake? Mazuri. Mtu anakula, dakika chache mdomo unawasha kama kala pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili vipele. Watu wanasema "ana aleji ya samaki." Si aleji. Bakteria wameshatengeneza kitu kinaitwa histamini ndani ya nyama, na hicho ukikaanga, ukichoma, ukipika kwa nazi, kiko pale pale hakitoki. Dawa yake ni barafu tangu samaki anapotoka majini, wala si kumpika sana.

Barafu yenyewe bei yake mnaijua. Mwenye ngarawa anayeuza kibua kwa fungu hanunui barafu ya faida yake yote.

#10 Panza_Boy

Mmetaja chakula kisichosafika kwa moto, basi mnivumilie.

Sisi kusini huku hatuhitaji kuelezwa. Novemba 2021 walikufa watu saba Pemba kwa nyama ya kasa, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Machi 2024 Kisiwa Panza, watoto wanane na mama mmoja, na wengine 78 wakalazwa. Yule mama alikuwa kashamzika mwanawe. Sumu ya kasa haina dawa ya kuipoza, haiondoki kwa kupikwa, na mtoto anayenyonya anaweza kuipata kwa maziwa ya mamake. Ubaya mwengine, si kila kasa ana sumu. Mtu kala mara kumi, babu yake kala maisha yake yote, ya kumi na moja ndiyo hiyo.

Baada ya msiba watu wa mjini walituandika kama tuna ujinga. Nyama ya kasa kwetu ni kitoweo cha kugawana, anayepata anapeleka kwa jirani, sahani kwa sahani. Ndiyo maana waliingia wengi kwa siku moja. Mpaka leo sijui ningemwambia nini jirani anayeniletea sahani.

#11 Mtoto_wa_Gando

Allah awarehemu wote. Panza_Boy, pole sana.

#12 Maalim_Kibiriti

Poleni watu wa Panza.

Mimi nirudi kwenye mambo ya nyumbani. Sisi tumekula mwiku tangu utoto. Wali wa usiku, asubuhi unapashwa na chai, unakwenda skuli. Hatukufa. Leo kila kitu bakteria.

#13 Darubini

Maalim, shikamoo. Mwiku wa zamani ulikuwa wali wa watu sita ndani ya sufuria ndogo, umekwanguliwa mpaka umebaki viganja viwili, umefunikwa kawa. Kawa linapitisha hewa, wali kiasi kile unapoa upesi. Leo tuna chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, wali umejaa, wa moto, umefungwa palepale. Bakteria wa wali, Bacillus cereus, anapenda hivyo hivyo. Na huyu akishatoa sumu yake ya kutapisha, ukiupasha wali mpaka ugande chini, sumu haitoki. Kwa hiyo kupasha kunaokoa rojo la harusi, wali uliolala vibaya hakuokoi. Hapa ndipo watu wanapochanganya.

Na kuna waliokufa, Maalim. Waliandikwa tumbo.

#14 Mama_Pacha

Mbona hamjagusa taifodi? Kila mtoto akipata homa hapa mjini anapimwa tone la damu, jibu "taifodi", anapewa dawa. Wanangu pacha wameambiwa taifodi mara tatu mwaka huu. Hiyo nayo ya chakula?

#15 Darubini

Taifodi ni ya chakula na maji kweli, Mama Pacha, na Pemba ipo, isifanyiwe mzaha. Kuanzia 2009 mpaka 2010 walifanya utafiti kisiwani, spitali pamoja na ile maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi. Walichukua damu za wagonjwa wa homa 2,209 wakaziotesha, yaani kuziweka maabara waone kama kuna bakteria watakaokua. Damu zilizokutwa na bakteria wa kweli zilikuwa 79, na 46 kati ya hizo ni taifodi. Tizama namba zote mbili kwa pamoja: katika bakteria wa damuni taifodi ndiyo iliongoza, lakini kati ya wenye homa wote ni watu 46 katika elfu mbili na ziada.

Kipimo cha tone la damu wanachokufanyia, kile cha Widal, kinatizama kinga ya mwili, na kinga inaweza kuwa ya ugonjwa wa zamani au ya kitu chengine kabisa. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu. Ukiambiwa taifodi mara tatu kwa mwaka, uliza ni kipimo gani.

#16 Mji_Mkongwe

Sawa, nakubali daftari lina maana. Lakini msimtakase muuza sharubati moja kwa moja. 2016 wakati wa kipindupindu hapa mjini serikali ilipiga marufuku kuuza vyakula na vinywaji barabarani, skuli zikafungwa, na Zanzibar nzima watu zaidi ya elfu nne waliugua katika mlipuko huo. Barafu na maji si kitu cha kuchezea. Dada yako hakuwa mjinga kumshuku.

#17 Mtoto_wa_Gando

Hakuwa mjinga. Kumshuku ni haki yake, kosa ni kuishia hapo. Wajerumani nao walifanya hivyo hivyo. 2011 watu karibu elfu nne waliugua kwa bakteria wa E. coli, wengi wakaharibika figo, 53 wakafa. Siku za mwanzo lawama zikawaangukia matango ya Hispania. Wakulima wa watu wakamwaga mazao yao, biashara ikafa. Baadaye wakafuatilia risiti, mkahawa kwa mkahawa, nani kaagiza nini, wakakuta ni vichipukizi vya uwatu, mbegu zake inaaminika zilitoka Misri. Uwatu huu huu tunaowapikia wazazi waliojifungua. Wanaotia uwatu kwenye mchuzi wanaupika, wale walioumwa walikula vichipukizi vibichi kwenye saladi.

Hao wana maabara na pesa, na bado walianza kwa kumshika asiyehusika.

#18 Jungu_Kuu

Mwanangu wa Gando, wa-alaykumu salaam, marahaba. Umenijibu vizuri kwa hiyo nitasema ninavyofanya mie siku hizi, anayetaka achukue.

Rojo likiiva usiku silinyamazishi kwenye jungu. Nalimimina kwenye masinia na mabeseni mapana, kina kisizidi vidole vinne, nayapanga ukumbini juu ya meza, feni inapiga, kanga nyepesi juu. Likishapoa, nawaomba majirani nafasi kwenye mafriza yao, kila nyumba beseni moja. Watu hawakatai, wanajua kesho watakula. Asubuhi narudisha jungu motoni kabla ya mchele, litokote, nikoroge mpaka chini, nione mapovu katikati wala si pembeni tu. Kuni nawaambia wenye shughuli waziongeze mzigo mmoja, wakinung'unika nawaambia basi pikeni wenyewe.

Ni kazi mara mbili. Malipo yale yale.

#19 Mama_Pacha

Na yule kijana wa sharubati kaombwa radhi?

#20 Mtoto_wa_Gando

Dada kasema "siku nyengine." Shemeji ndiye aliyempigia.

Jumamosi tuna khitma hapa nyumbani. Sharubati tumemwagizia yule yule kijana, na nimeshampa bi mkubwa mfano wa Jungu_Kuu wa mabeseni, kaukubali baada ya kuambiwa ni wa mpishi, si wa kwangu. Darubini kanifundisha pia jambo wanalofanya wapishi wa mahoteli: kila chakula toa kibakuli kimoja kabla ya kupakua, funga, andika jina na saa, weka ndani ya friji siku mbili tatu. Likitokea la kutokea, maabara wana cha kupima.

Nitaleta mrejesho.

#21 Mtoto_wa_Gando

Mrejesho kama nilivyoahidi. Khitma imekwisha salama, watu wamekula, leo siku ya pili, nimewauliza waliolala hapa wote, hakuna tumbo.

Vibakuli vya sampuli nilivitia vitatu kwenye friji, vya pilau, mchuzi na kachumbari, nikavibandika karatasi "USIGUSE". Asubuhi nimekuta viwili. Cha pilau kimeliwa. Shemeji anasema aliona karatasi akadhani kawekewa mgeni, na kwamba mgeni mwenyewe ni yeye.

Nimemwandika kwenye daftari: pilau, baridi, saa nne na robo usiku. Tunamsubiri.